Kiraka, Si Koti: Kupanda Polima Upande Mmoja wa Chembe ya Dhahabu

Fundi wa chombo wa Lamu akipaka deheni chini ya jahazi anataka ubao wote ufunikwe, pasibaki wazi hata upana wa ukucha. Mwanafunzi wa kemia anayevisha chembe za dhahabu polima (molekuli ndefu kama nyuzi) naye hufundishwa hivyo hivyo: koti zima, unene mmoja kila upande. Hapa tunaandika kazi ya kinyume. Tunataka polima ishike hapa na pale paachwe wazi, tena kwa kukusudia, na chembe zote za chupa moja zifanane.

Chembe yenyewe ina kipenyo cha nanomita 20. Unywele wa kichwa una upana wa takriban nanomita 80,000, kwa hiyo chembe 4,000 zingejipanga bega kwa bega kuuvuka. Hakuna brashi ya kuingia hapo. Kinachopaka ni kiyeyushi, na ndani ya kiyeyushi mwenye kushika usukani ni maji. Ukilielewa hilo, kilichobaki ni hesabu na usafi.

Na faida yake? Chembe yenye koti zima haina mbele wala nyuma. Zikikutana, ama zinagandana ovyo ama hazigandani kabisa. Yenye kiraka kimoja ina uso na kisogo, nayo hujipanga na wenzake wawili watatu. Yenye viraka viwili vinavyotazamana hutungika kama shanga. Na dhahabu iliyobaki wazi bado inaweza kushikishwa kitu kingine, dawa au kimeng'enya.

Nywele majini

Mtazame mtu mwenye nywele ndefu akipiga mbizi pale Shela, Lamu. Chini ya maji nywele zinatawanyika, kila mmoja peke yake. Akiinua kichwa tu, zinashikana vishungi. Mizizi haikuhama, ni ncha zilizotafutana.

Polistirini, polima ya plastiki, ikipandwa kwenye dhahabu hufanya hivyo hivyo. Kila uzi wa polima una mzizi wa thioli, yaani salfa yenye haidrojeni, na salfa hushika dhahabu barabara. Ndani ya DMF, kiyeyushi kinachopatana na polistirini, nyuzi hutanuka na kuizunguka chembe pande zote. Tia maji kidogo na mambo yanageuka. Polistirini na maji haziivi chungu kimoja, kila uzi unamkimbilia jirani yake ajifiche naye, na badala ya koti unapata nundu. Mwaka 2016 kundi la Eugenia Kumacheva wa Chuo Kikuu cha Toronto lilionyesha njia hii kwenye jarida la Nature, kwa chembe za dhahabu za maumbo mbalimbali.

Idadi ya nundu inaamuliwa na mvutano. Uzi unafaidika kwa kujificha ndani ya kishungi, lakini unalipa gharama kwa kunyooka kutoka mzizi wake hadi kishungi kilipo. Chembe ikiwa ndogo, nyuzi zote zinaweza kufika mahali pamoja kwa gharama nafuu: kiraka kimoja. Chembe ikiwa kubwa, wa upande wa pili wanaona safari ni ndefu, wanaanzisha kishungi chao. Kwa hiyo kipenyo kikikua na urefu wa uzi ukabaki uleule, viraka vinaongezeka. Nyuzi zikisongamana mno, hakuna kiraka kabisa, kwa sababu kila uzi tayari umezungukwa na wenzake na hauna haja ya kusogea. Wengi hukosea hapo: wanapanda polima kwa wingi kadiri inavyoingia, kisha wanatia maji na kushangaa kuona koti.

Hesabu kabla ya kugusa chupa

Chukua chembe ya nanomita 20. Eneo la uso wake ni nanomita mraba 1,257. Ukipanda uzi 0.03 kwa kila nanomita mraba, unapata nyuzi 38 hivi. Tumia polistirini yenye uzito wa molekuli 50,000. Uzi huo ukijikunja ndani ya DMF huwa kama kifundo chenye nusu kipenyo cha nanomita 6 hadi 7, na hivyo kivuli chake juu ya dhahabu ni takriban nanomita mraba 130. Zidisha kwa 0.03: kila uzi unapishana na wenzake kama wanne. Hapo ndipo pazuri. Wanafikiana lakini hawajabanana.

Sasa tazama kiasi cha polima chenyewe. Uzi mmoja uliokauka unachukua nanomita za ujazo 79 hivi, kwa hiyo nyuzi 38 ni kama 3,000. Ujazo huo ukitandazwa sawasawa juu ya chembe, unapata koti la nanomita 2 tu, jembamba kiasi kwamba darubini ya elektroni hulionyesha kwa shida. Ukikusanywa upande mmoja kama nusu tufe, unapata nundu yenye nusu kipenyo cha nanomita 11, kubwa kuliko nusu kipenyo cha dhahabu yenyewe. Polima ni ileile, gramu ni zilezile. Ndiyo sababu mtu anayeona nundu kubwa pichani asikimbilie kusema ametia polima nyingi.

Dhahabu

Kutengeneza chembe zenyewe, njia ya sitreti (chumvi ya asidi ya ndimu), ile ya Turkevich ya 1951 iliyopimwa upya na Frens mwaka 1973, inatosha. Mililita 50 za myeyusho wa chumvi ya dhahabu wa asilimia 0.01 huchemshwa, kisha sitreti ya sodiamu ya asilimia 1 hutiwa kwa mkupuo mmoja huku ukikoroga kwa nguvu. Mililita 1.0 ya sitreti hukupa chembe za nanomita 16, mililita 0.75 hukupa 24.5, mililita 0.5 hukupa 41. Ya nanomita 20 iko kati ya hizo mbili za kwanza. Myeyusho huwa na samawati hafifu kwanza, kisha huingia wekundu wa divai. Uache uchemke dakika 15 zaidi.

Chumvi ya dhahabu ni adui wa hewa ya pwani. Hunyonya unyevu na kuwa uji wa manjano ndani ya dakika chache, na mizani inaonyesha uzito wa maji badala ya dhahabu. Dawa ni kutopima vijiko vidogo vidogo. Chupa ikifunguliwa, yeyusha gramu yote 1 ndani ya mililita 100 za maji safi, hifadhi kwenye kioo cheusi, halafu kila unapotaka mililita 50 za asilimia 0.01 chukua mililita 0.5 ya akiba hiyo na uijaze maji. Usitumie kijiko cha chuma pia. Dhahabu hukimbilia juu ya chuma na unaipoteza hapo hapo.

Vyombo vya kioo vioshwe kwa maji ya kifalme, sehemu 3 za asidi ya haidrokloriki na 1 ya nitriki, kisha visuuzwe mara nyingi. Mchanganyiko huo hutoa gesi, haufungwi kwenye chupa, na haukutanishwi hata kidogo na asetoni, DMF wala kiyeyushi chochote cha namna hiyo. Unalipuka.

Maji. Ya kisima hayafai, hata yale matamu ya Lamu yanayotoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, wala ya bomba Malindi yanayoletwa kutoka Baricho. Chembe za sitreti hazigandani kwa sababu zina chaji hasi zinazosukumana, na chumvi huizima chaji hiyo. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita, takriban mola 0.6 (mola ni moli moja kwa lita, na moli ni hesabu ya kemia ya idadi ya chembe), na mola 0.05 tu inatosha kuziangusha. Yaani hata ukiyazimua maji ya bahari mara kumi, bado yanaua. Wekundu unageuka zambarau, kisha samawati, kisha unaona vumbi jeusi chini, kama tui lililokatika, na kama tui lililokatika halirudi. Tumia maji yaliyoondolewa ioni. Maji ya mvua ni afadhali kuliko ya kisima kwa kusuuzia mara ya kwanza, basi.

Kwa mapishi haya, chembe za nanomita 20 zinakuja na wingi wa karibu nanomola 1. Mililita 50 zina pikomoli 50 za chembe. Iandike namba hiyo kwenye chupa, utaihitaji sasa hivi.

Kupanda

Zungusha mililita 50 kwenye sentrifuji kwa mara 10,000 ya mvuto wa dunia, dakika 30, umwage maji ya juu, ubakishe nusu mililita nyekundu iliyokoza. Tone la chini likiwa jeusi na linagandia ukuta wa bomba hata ukitikisa, ulizungusha kwa nguvu mno, punguza.

Nusu mililita hiyo itie kwa mkupuo ndani ya mililita 10 za THF, kiyeyushi kingine, zenye polistirini ya thioli, miligramu 1 kwa mililita, bomba likiwa ndani ya bafu ya ultrasoniki, inayotikisa kwa mawimbi ya sauti. Mbona THF na si DMF? Kwa sababu nusu mililita ya maji ndani ya mililita 10 ni karibu asilimia 5, na ndani ya DMF kiasi hicho tayari kingeifanya polima ianguke kabla haijapanda. THF inavumilia. Miligramu 10 za polima ya uzito 50,000 ni nanomoli 200: nyuzi 4,000 kwa kila chembe, ilhali zitakazoshika ni makumi. Wingi huo ni wa makusudi. Chembe inapotoka majini kuingia THF inapoteza chaji yake, na kama haikupata polima papo hapo inamgandia mwenzake.

Acha usiku kucha, chupa imefungwa vizuri. THF huchemka digrii 66, na kwenye chumba cha digrii 32 cha Malindi chupa iliyolegea inakauka kabla ya alfajiri. THF ya zamani isiyo na kizuizi hujenga peroksidi, ambazo ni hatari zenyewe na pia huunganisha thioli mbili mbili, nazo thioli zikishaungana hushika dhahabu kivivu.

Tazama rangi ya polima yako pia. Polistirini nyingi ya aina hii hutengenezwa kwa njia ya kukuza polima iitwayo RAFT, na kabla mwisho wake haujakatwa kuwa thioli huwa ya waridi au manjano, kutegemea kilichotumika. Ukinunua au ukitengeneza ikawa bado ya waridi, mizizi mingi haijafunguliwa.

Kuosha ndiko kunakochosha na ndiko kusikorukwa. Mara tatu kwa THF, mara tatu kwa DMF. Nyuzi huru zilizobaki hazijashika dhahabu, kwa hiyo maji yakiingia zitajiunga na kiraka chochote kilicho karibu na kukinenepesha, au zitajitengenezea vidonge vyao vya polistirini tupu. Ukiona ukungu mweupe baada ya kutia maji, usihangaike kubadilisha asilimia. Rudi ukaoshe.

Namna rahisi ya kupunguza msongamano wa nyuzi ni kutumia nyuzi ndefu zaidi, kwa sababu kila moja inajilindia eneo kubwa. Kupunguza kiasi cha polima pia kunafanya kazi, ila ukipitiliza chembe zinaanguka ndani ya THF. Sisi tungeanza na urefu.

Maji, tone kwa tone, tena si tone

Sasa una chembe zenye nywele ndani ya DMF safi. Kiasi cha maji kinachotakiwa ni asilimia chache, kwa kawaida kati ya 3 na 6 kulingana na urefu wa uzi. Nyuzi ndefu huanguka mapema. Fikiria maana yake. Kwenye mililita 1, asilimia 1 ni maikrolita 10. Tone la kawaida la kitone-dawa ni karibu maikrolita 50. Tone moja tu, na umeshauzungusha usukani wote. Tena pale linapoangukia, kwa sekunde kadhaa, polima inaona maji matupu, na chembe za hapo zinagandana kabla koroga haijafika.

Kwa hiyo usitie maji. Tia DMF yenye maji. Changanya DMF na maji hadi asilimia 20 ya maji, subiri ipoe (mchanganyiko huo hujipasha moto wenyewe), halafu tia maikrolita 250 za mchanganyiko huo kwenye mililita 1 ya chembe, maikrolita 25 kwa kila hatua, sumaku ikikoroga. Mwisho wake ni maikrolita 50 za maji ndani ya 1,250, yaani asilimia 4 kamili. Funga, weka kwenye bafu ya digrii 40, acha siku nzima. Vishungi vidogo vinavyozaliwa mwanzo hupata muda wa kuungana. Hata mizizi yenyewe hutambaa kidogo juu ya dhahabu, kwa sababu salfa haikupigiliwa misumari.

Na hapa hewa ya pwani inaingia tena bila kubisha hodi. DMF hunyonya unyevu. Chupa inayofunguliwa na kufungwa mwezi mzima wa masika inaweza kuwa tayari imekunywa sehemu ya maji uliyokuwa unapanga kutia, na majaribio ya Aprili hayatalingana na ya Januari hata kama mkono ni uleule. Weka vidonge vya zeolaiti vya 4A, vinavyonyonya maji, ndani ya chupa ya DMF, vikiwa vimekaushwa kwanza digrii 300 saa kadhaa, viache siku nzima, kisha chuja vumbi lake. Mwenye kipimo cha Karl Fischer apime maji ya chupa kila wiki na aandike. Asiyenacho afungue chupa ndogo ndogo, kila moja kwa siku moja.

DMF ikinuka samaki, imwage pamoja na taka za kemikali. Katika mji wa bandari pua inaweza kudhani ni soko, lakini harufu hiyo ni ya dimethilamini, dalili kwamba DMF imevunjika, na kemikali za jamii hiyo, ziitwazo amini, nazo hukaa juu ya dhahabu.

Onyo la vyombo: DMF na THF huyeyusha polistirini. Kile kikombe cha plastiki angavu cha kupimia mwanga, na baadhi ya mabomba, ni polistirini. Utakuta sampuli ina polima nyingi kuliko uliyotia, na ukuta wa kikombe umekuwa na ukungu. Kioo, kwatzi au polipropilini tu. Glavu za nitrili hazidumu mbele ya DMF. Ikimwagikia, zivue papo hapo, maana hupenya ngozi na inaumiza ini.

Mwisho, kiraka kinatakiwa kufungwa kisirudi kuwa koti. Kuongeza maji polepole hadi wingi wa maji uitoe DMF ndani ya nundu hufanya polistirini iwe ngumu kama kioo. Ikiwa kavu hailainiki hadi karibu digrii 100. Tatizo ni kwamba maji yakizidi, kiraka cha chembe hii kinakipenda kiraka cha ile, na unapata minyororo. Kama minyororo ndiyo uliyoitaka, heri. Kama sivyo, zimua chembe kwanza kwa DMF yenye maji asilimia ileile hadi rangi iwe waridi hafifu, zisikutane mara kwa mara, ndipo uongeze maji.

Njia ya pili: kushindanisha

Badala ya uzi wenye mzizi, unaweza kutumia polima yenye sehemu mbili, polistirini na asidi ya poliakriliki, ambayo haina thioli kabisa. Hapo kinachoamua mahali pa kushika ni thioli ndogo uliyoitanguliza: palipo na thioli ya mafuta, polistirini inalala, palipo na thioli inayopenda maji, haitaki. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, Singapore, kilionyesha mwaka 2008 kwamba kwa kushindanisha thioli mbili za namna hiyo, chembe ya dhahabu inachungulia upande mmoja wa ganda la polima badala ya kumezwa yote.

Mapishi ya kuanzia: DMF maikrolita 800, polima ya sehemu mbili maikrolita 80 (miligramu 8 kwa mililita, ndani ya DMF), chembe ndani ya maji maikrolita 200, halafu 2-nafthalinithioli, ile thioli ya mafuta, maikrolita 40 (miligramu 2 kwa mililita). Kwa kiraka cha upande mmoja, toa sehemu ya nafthalinithioli na utie asidi ya 4-merkaptobenzoiki, ile thioli inayopenda maji, mahali pake. Kadiri ya pili inavyozidi, ndivyo dhahabu inavyojitokeza. Chupa ya kioo kizito, kifuniko chenye tefloni, isijae zaidi ya nusu, kwa sababu maji ndani yake yanapita kiwango cha kuchemka. Digrii 110 ndani ya bafu ya mafuta, saa 2, kisha iache ipoe ndani ya mafuta yake, usiitoe. Ikipozwa ghafla viraka vinagandia pale vilipokuwa, vyembamba na vya shaghalabaghala. Zimua kwa maji mara kumi, zungusha, osha mara tatu. Asidi ya poliakriliki iliyo nje huzifanya zikae majini bila kuanguka, mradi maji yasiwe na asidi.

Mpangilio wa kutia una maana. Thioli mbili zichanganywe pamoja kwanza, ndipo ziingie kwa chembe. Ukitanguliza moja hata kwa dakika chache, imeshajitwalia ardhi.

Chembe isiyo tufe

Tufe halina pembe, ndiyo maana kiraka chake hakijui kwao. Fimbo, mchemraba na pembetatu zina pembe, na pembe ni rahisi kushikwa. Fimbo za dhahabu hukuzwa ndani ya sabuni iitwayo CTAB, inayojipanga safu mbili juu ya ubavu na kukaa legelege kwenye ncha. Thioli inaingilia kwenye ncha. Ndivyo kundi lile la Toronto lilivyopata, mwaka 2007, fimbo zenye polistirini nchani tu, ambazo maji yakitiwa zinaungana ncha kwa ncha kama magogo yanayofungwa mkia kwa kichwa.

Kazi yote hapo ni kipimo cha CTAB. Ikibaki nyingi, thioli hazipati nafasi. Ikiondolewa mno, fimbo zinagandana. Mizunguko miwili ya sentrifuji kwa kawaida inatosha, ukilenga kubaki karibu na milimola 1. Na angalia kiyoyozi: CTAB huganda kuwa fuwele chini ya digrii 25 hivi, jirani kabisa na pale mafuta ya nazi yanapoganda. Kwenye meza ya kawaida ya Malindi haigandi, ila kwenye chumba cha digrii 20 unakuta sindano nyeupe chini ya chupa, na kilichobaki juu kina CTAB pungufu kuliko lebo inavyosema. Chupa ya mafuta ya nazi rafuni ni kipimajoto cha bure. Ikiganda, pasha CTAB kabla ya kuitumia.

Njia mpya zaidi ni kuziba. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, wakishirikiana na wa Michigan, walitumia ayodidi kama stensili: inatua kwenye nyuso fulani za fuwele ya dhahabu, nafthalinithioli inalazimika kwenda nyuso zilizobaki, na polima inaifuata. Fundi wa milango ya kuchonga angeielewa haraka: unafunika pasipotakiwa rangi, kisha unapaka bila wasiwasi. Kwa anayejaribu, ayodidi kidogo mno haizibi na nyingi inafunika kila uso, kwa hiyo panga chupa tano sita zenye vipimo vya kupanda mara kumi kumi, uone mpaka uko wapi.

Kuona ulichopata

Jicho kwanza. Chembe zilizo salama ni nyekundu. Zambarau ni kugandana. Kwenye spektrofotomita, kipimo cha mwanga unaonyonywa, kilele huwa karibu nanomita 520 ndani ya maji, husogea nanomita chache kuelekea wekundu ndani ya DMF, na chache tena polima ikikusanyika. Mkia mpana kati ya 600 na 700 si kiraka, ni chembe zilizogandana. Kwa fimbo, kilele cha mawimbi marefu kikienda kwenye wekundu zimeungana ncha kwa ncha. Kikirudi kwenye samawati zimelaliana ubavu.

Kilele hakikuambii viraka ni vingapi. Hapo ni darubini ya elektroni, nayo hudanganya kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukauka. Tone la DMF na maji likiachwa juu ya kiwavu cha kuwekea sampuli, maji yanaondoka kwanza kwa sababu DMF huchemka digrii 153, na kiraka ambacho hakijafungwa kinavimba na kutambaa tena kabla DMF haijaisha. Funga viraka, hamishia majini, ndipo utone, na baada ya dakika moja nyonya tone kwa ukingo wa karatasi ya kuchujia. Ya pili ni upande wa kutazama. Kiraka kimoja kikiwa kimeelekea juu au chini, picha inaonyesha duara la polima kuizunguka dhahabu, na mtu anaandika kwamba amepata koti. Inamisha kibebeo digrii 30 au 40, na koti linateleza upande mmoja. Hesabu chembe 200 kutoka sehemu tofauti za kiwavu, usichague zile nzuri.

Sampuli ikisafiri kutoka Lamu au Malindi kwenda iliko darubini, ifungwe kwenye kioo, ijae hadi shingoni ili isichapwechapwe njiani, na isiwekwe kwenye friza ya mtu yeyote, hata kwa nia njema. Dhahabu iliyoganda barafu ikiyeyuka inakuwa vumbi jeusi. Na taka za DMF, THF na dhahabu zikusanywe kwenye kidumu kilichoandikwa, kirudi na msafiri hadi kwenye maabara yenye kuzipokea. Mji wa visima hauna bomba la kumwagia kitu kama hicho.